Taa za ofisini zilicheza miezi miwili, na balbu hazikuwa na kosa

Naandika haya nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha, kwa sababu taa za ofisi yetu zimetulia na hii ni wiki ya tano. Hasira, kwa sababu kwa miezi miwili kila niliyemuuliza alinijibu kabla sijamaliza swali, na karibu kila jibu lilikuwa ni la kununua kitu.

Ofisi yenyewe ni ndogo: chumba kimoja chenye meza nne, kijichumba cha mikutano na korido fupi. Taa nane tu za LED, zile za kuchomeka kwenye holda za kawaida. Zilianza kucheza kidogo kidogo. Mwanzoni ilikuwa kama mtu amepita mbele ya dirisha. Unainua macho, huoni mtu. Baada ya wiki kadhaa hapakuwa na ubishi tena. Zinafifia, zinarudi, zinakonyeza mara mbili tatu, kisha zinatulia kama hakuna kilichotokea. Mwenzangu wa hesabu akawa anarudi nyumbani ameshika kichwa kila jioni. Mwishowe alizima taa ya juu yake, akawa anafanya kazi kwa mwanga wa dirisha, na mawingu yakitanda anafunga daftari.

Ushauri wa kwanza: balbu mbovu, badilisha zote. Nikabadilisha zote. Nne nilizipata za bei ya juu, nne za bei ya kati kwa sababu zile nzuri ziliniishia, nikazichanganya tu bila mpango. Siku nne tukapumua. Siku ya tano, zile za bei ya kati zikaanza. Ilikuwa ajabu kutazama: juu ya meza yangu balbu mbili ziko mkono kwa mkono, moja inapepesa, jirani yake imetulia tuli. Nilipomwambia aliyenishauri, akasema, "Si nilikwambia? Malizia na hizo nne zilizobaki."

Hapo ndipo nilipokataa. Balbu nne mpya, hazijatimiza hata wiki, zife ugonjwa mmoja kwa pamoja? Tena zififie sekunde ile ile, moja korido na nyingine chumba cha mikutano? Balbu haziambiani. Balbu iliyoharibika huugua peke yake: ndani ya kitako chake kuna kapasita ndogo, kidude cha kuhifadhi umeme kidogo, inayokauka kwa joto, na ikikauka balbu ile itacheza popote utakapoipeleka. Ihamishie kwenye holda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, ni yake. Ukibaki kwenye holda, tazama holda na waya. Ukiwa kila mahali kwa wakati mmoja, achana na balbu kabisa.

Na zile nzuri zilizotulia nilikuja kuelewa baadaye. Balbu ya LED ina saketi yake ndani, mafundi wanaiita draiva, inayoamua ni mkondo kiasi gani ufike kwenye LED. Draiva nzuri hushikilia mkondo ule ule hata volti zikishuka. Ile ya bei nafuu hupitisha kila mtikisiko ukauona kwa macho. Maana yake, kama ningenunua nane zote za bei ya juu, taa zingetulia, ningeshukuru, na kile kilichokuwa kinaungua darini kingeendelea kuungua bila mimi kujua. Nikilifikiria hili mpaka leo mwili unanisisimka.

Ushauri wa pili ulikuwa stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti. "Umeme wa nje haujatulia." Lakini majirani tunaochangia nao ukuta taa zao hazikuwa na shida, nilikwenda nikakaa kwao nusu saa kuhakikisha. Wa tatu alikuja na simu, akaielekeza kamera kwenye balbu, ikatokea michirizi myeusi inayotembea kwenye skrini, akasema ushahidi ndio huo, taa zote mbovu. Hili limeenea sana na linapoteza watu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi hupandisha mwanga mara mbili, kwa hiyo mwanga wa balbu isiyochujwa vizuri hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kamera inaona hilo, jicho halioni. Ni kipimo kizuri ukiwa dukani unachagua balbu. Lakini mkonyezo unaouona kwa macho yako, mara moja au mbili kwa sekunde, ni habari nyingine kabisa, na kamera haitakueleza chanzo chake.

Basi nikafanya jambo ambalo halikunigharimu chochote. Nilibandika karatasi ukutani karibu na mlango, nikachora safu tatu: saa, taa zipi, na nani alikuwa anafanya nini. Nikawaomba wenzangu, kila taa zikicheza, aliye karibu aandike. Wengine walinung'unika. Siku mbili za kwanza karatasi ilikuwa karibu tupu, na nilianza kuona haya. Siku ya tatu ikaanza kusema. Mistari ilijazana saa tatu asubuhi, ikapungua, ikajazana tena saa nane mchana. Usiku nilipobaki peke yangu, hakuna kitu. Jumamosi, hakuna kitu. Halafu kwenye ile safu ya tatu neno moja likaanza kujirudia, kwa miandiko ya watu tofauti: "naprinti", "ankara zinaprintiwa", "baada ya kuprinti".

Kijana wetu wa barua ndiye aliyeona la zaidi. Akaniita: "Dada, njoo usimame hapa, usiseme kitu." Printa ilikuwa imeshamaliza kazi yake, iko kimya. Tukasubiri. Taa zikafifia. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kabla hajafika arobaini zikafifia tena. Tena. Nikaweka kiganja nyuma ya printa, pale inapotoka hewa, na kila taa zilipofifia nilisikia kwa mbali kimlio cha "tik", halafu joto likapanda mkononi mwangu. Baada ya dakika kadhaa printa ikazima skrini yake ikalala. Taa zikatulia kabisa.

Printa yetu ni ya leza. Ndani yake kuna rola inayochomwa moto hadi karibu nyuzi 200 ili unga wa tona uyeyuke ushike kwenye karatasi, na kuipasha rola hiyo moto kunakula umeme wa karibu kilowati moja kwa mpigo. Ikishamaliza kuprinti haizimi moto papo hapo. Inaipasha tena rola kila baada ya muda kidogo ili iwe tayari, mpaka itakapolala. Ndiyo ule mdundo aliouhesabu kijana kwa vidole.

Habari zikaenea, na ushauri wa nne ukafika: nunua printa mpya. Nilishukuru nikanyamaza. Printa za leza ziko ofisi ngapi, na taa za watu hazichezi? Nilikuwa na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha volti. Nikakichomeka kando ya plagi ya printa, soketi ile ile: 229. Nikatuma ukurasa mmoja: 217. Rola ikapoa, 229. Nikakihamishia kwenye soketi iliyo jirani na mein swichi, nikatuma tena ukurasa: 229, 228, basi. Kwa hiyo umeme ulikuwa unafika kwetu mzima, halafu volti kumi na kitu zinapotelea ndani ya kuta zetu wenyewe. Na ya stebilaiza ikafa hapo hapo.

Kilichobaki ni swali moja: printa iko kwenye soketi, taa ziko darini, zinajuanaje? Nikaenda kwenye boksi la breka, nikashusha breka ya taa peke yake. Taa zikazima. Printa nayo ikazima! Soketi nyingine zote zinafanya kazi. Mtu fulani, kabla hatujahamia sisi, alitaka soketi pale ukutani na hakutaka kuvuta waya kutoka kwenye boksi. Akapanda darini akadokoa umeme kwenye waya wa taa. Nilisimama mbele ya boksi lile nikacheka kwa raha, nikamwita mwenzangu wa hesabu aje aone.

Kuanzia hapo sikugusa tena. Nilihamisha printa kwa muda kwenye soketi nyingine, nikamwita fundi mwenye leseni. Alipoingia tu akatazama juu: "Dada, hizi balbu..." Nikampa karatasi yangu pamoja na vipimo. Akasoma kimya, akauliza 217 niliipima wapi, akazima mein swichi, akaipima kwa testa kuhakikisha imekufa kweli, akaomba ngazi. Wewe unayesoma, usipande na swichi ya ukutani tu imezimwa. Swichi inakata waya mmoja tu, na kama aliyefunga waya za nyumba alikosea, siyo ule unaodhani.

Nilimmulikia tochi. Fundo lilikuwa mwendo wa hatua mbili kutoka juu ya printa: waya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, bila boksi, limelala juu ya ubao wa dari. Alipoanza kuivua tepu haikuvuka, ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Waya wa laivu, unaoleta umeme, ulikuwa na nafuu. Wa nyutro, unaourudisha, ganda lake la buluu lilikuwa limegeuka kahawia, na alipolikunja kidogo likapasuka vipande vipande kama ganda la karanga. Shaba ya ndani ilikuwa nyeusi ti, haina hata chembe ya mng'ao. Ubao chini yake ulikuwa na doa la kuungua ukubwa wa sarafu. Na ile harufu! Mwezi mmoja nyuma tulikuwa tunasikia asubuhi harufu kama ya samaki aliyeungua, tukasema panya amefia darini, tukafungua madirisha. Ukisikia harufu ya samaki ofisini na samaki hayupo, zima umeme, mtafute fundi siku hiyo hiyo.

Piga hesabu uone. Kilowati moja kwenye volti 217 ni kama ampea nne na nusu. Volti 12 zilizopotea, zidisha kwa hizo, ni kama wati 50 za joto, sehemu kubwa ikimwagika kwenye kifundo cha waya. Chuma ambacho mafundi redio wanayeyushia risasi aghalabu ni cha wati 30 au 40. Na breka haikuruka hata mara moja, wala haikupaswa kuruka, kwa sababu ampea nne na nusu kwake ni kidogo. Breka inalinda mkondo usizidi. Haioni fundo bovu. Taa ndizo zilizoliona.

Fundi akakata waya hadi kwenye shaba inayong'aa, akaunganisha kwa konekta za skrubu ndani ya boksi lenye mfuniko, ile soketi ya kudokoa akaing'oa. Printa tukaivutia laini yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita 2.5 za mraba, maana wa taa ulikuwa wa 1.5. Waya, boksi na ufundi vyote kwa pamoja havikufika nusu ya bei ya ile stebilaiza.

Zilibaki taa mbili tatu zenye matatizo yao ya pembeni, na hizo zilikwisha upesi. Kwenye chumba cha mikutano kulikuwa na dima, swichi ya kupunguza mwanga, ya enzi za glopu. Nyuma yake iliandikwa wati 40 hadi 400, nasi tulikuwa tumeifungia balbu mbili za wati 9. Mzigo mdogo namna hiyo dima ya zamani haiwezi kuushika, ndiyo maana zilikuwa zinatetemeka ukizipunguza. Tukaweka swichi ya kawaida. Ya korido ilikuwa inakonyeza usiku hata ikiwa imezimwa, kila baada ya sekunde chache, na watu wa usafi walikuwa wanaiogopa. Swichi yake ilikuwa na kile kitaa chekundu cha kuonea gizani. Umeme mdogo unaopita kwenye kitaa hicho unajaza kapasita ya balbu taratibu, ikijaa balbu inamwaga mwanga mara moja, inaanza upya. Fundi alikitoa kitaa, basi.

Wakati anakusanya vifaa vyake alinionya jambo moja, nami nalipitisha: taa zingine zikififia huku zingine kwenye jengo hilo hilo zinawaka kupita kiasi, usibandike karatasi wala usihesabu chochote. Huenda nyutro kuu imekatika kwenye jengo la fezi tatu, yaani linaloletewa umeme kwa nyaya tatu za laivu, na volti upande mmoja zinaweza kupanda kuelekea 400. Zima mein swichi kwanza, piga simu baadaye.

Kile kipande cha waya kilichoungua nilikiomba. Kiko kwenye droo yangu ya juu, ndani ya bahasha. Juzi yule wa "malizia na hizo nne" alipita kusalimia, nikampa akishike. Alikigeuzageuza, akanusa, akaniuliza kama ninamfahamu fundi aliyekitoa, kwa sababu taa za kwake nazo zina siku kadhaa zinacheza.