Siku Moja na Mizia wa Kinasi

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kushika simu, naangalia mwezi. Umebaki nusu, bado uko juu ya minazi. Ni maji mafu basi, yasiyojaa wala kupwa sana, na bahari itajaa kama saa nne na nusu asubuhi. Naongoza wazamiaji hapa Mafia, Ghuba ya Chole, na ratiba yangu inapangwa na maji, si na meneja. Meneja analijua hilo, na bado anapanga.

Saa 12:30. Napima shinikizo la hewa mitungini. Ba 200, ba 200, ba 140. Huo wa tatu unarudi kwenye kompresa ya kujazia. Nahodha wetu yuko pwani tayari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo Kinasi?"

"Kinasi."

"Haya, uwaharakishe. Maji hayangoji wageni wamalize chai."

Saa 2. Wageni ni watatu. Mmoja kavaa bangili ya fedha, namwomba aivue. Mzia, yaani barakuda, ni nadra sana kumgusa mtu, na ajali chache zinazosimuliwa mara nyingi zimetokea kwenye maji machafu, kitu kinachometa kikidhaniwa ni samaki mdogo. Lakini kwa nini tumjaribu? Taya la chini limechomoza kupita la juu, na meno yake ni kama ya msumeno ulionolewa jana.

Saa 2:45. Tunashuka. Mlango wa Kinasi ndiyo pua ya ghuba yetu: maji yanayoingia na kutoka Chole sehemu kubwa hupitia hapa. Yakitoka huwa ya kijani, yamebeba vumbi la mikoko, huoni hata mapezi ya mwenzio. Yakiingia ni buluu safi ya bahari kuu. Ndiyo maana tunawahi kabla hayajajaa.

Dakika kumi na mbili, hakuna kitu. Chewa mmoja chini ya jiwe, kolekole watano wanapita mbio kama wana kesi mjini. Naanza kuandaa uongo wa kuwaambia wageni. Mara, kwenye mita kumi na nane, ukuta wa matumbawe unapokatika, maji yenyewe yanaonekana kuwa na mistari.

Ndio hao. Nakadiria mia mbili hivi, kila mmoja urefu wa mkono wangu na zaidi, wote wameelekeza vichwa kunakotoka mkondo. Hawa ni mizia wa makundi, wenye mkia uliopakwa weusi pembeni na mapau meusi kama ishirini ubavuni. Yule mzia mkubwa, anayeweza kufika karibu mita mbili, akishakua hupenda kukaa peke yake. (Kwingine pwani utasikia msusa, utasikia tengesi. Majina ya samaki hubadilika kila ukivuka kisiwa.) Hawapigi mapezi, wanatikisa mkia kidogo tu. Kifuko cha hewa tumboni kinawaelesha, na mkondo unawaletea maji kwenye matamvua bila jasho. Mmoja akigeuka, ubavu wake wa fedha unaakisi bahari na anatoweka mbele ya macho yako, halafu anarudi. Wote wanapinda kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja anamwona jirani yake, na ana mstari ubavuni unaohisi msukumo wa maji yake. Mmoja kajitenga kidogo, kasimama kichwa juu, na kisamaki kidogo kinamdonoa vidudu vya ngozini. Mgeni wangu mmoja amesahau kupumua taratibu. Kufikia dakika ya thelathini na tano mtungi wake uko ba 60. Tunapanda.

Saa 4. Botini, chai na mihogo. Swali ni lile lile la kila siku: walikuwa wanawinda nini?

Hawakuwa wanawinda chochote. Hapa ndipo ninapobishana na wageni, maana mdomo ule unamfanya kila mtu aone vita. Mchana kwa mizia hawa ni mapumziko. Wanajikusanya kwa ajili ya usalama, mahali pale pale, miezi, hata miaka, na usiku ndipo wanapotawanyika kwenda kutafuta riziki. Mzia si mkimbizaji wa masafa. Anasubiri, anajipenyeza, kisha anajirusha mara moja. Samaki akiwa mkubwa, anamkata vipande.

Saa 6 hadi saa 9. Kuosha jaketi, kuosha reguleta za kupumulia, wali, usingizi.

Saa 10 jioni. Maji yamekupwa. Nampeleka mpwa wangu kwenye mikoko. "Mjomba, kijiti kile kina macho!" Kweli. Ni mtoto wa yule mzia mkubwa, mrefu kama kidole, ametulia kati ya mizizi akivizia vifaranga vya samaki wengine. Mayai yao huachwa yaelee baharini, hakuna mama wala baba anayelea, na wanaobahatika huja kukulia kwenye mikoko na majani ya bahari. Hifadhi yetu ya bahari, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995, na watu wanapoisifu hutaja matumbawe tu. Mimi ningeanza na tope hili.

Saa 12:30 jioni. Wavuvi wa dagaa wanapakia taa na nyavu. Jirani yangu anakula wali wake amesimama, mguu mmoja majini. Mwaka juzi nilizama Kinasi saa hizi hizi ili nione kundi linavyovunjika. Sikuona likivunjika. Lilikuwa limelegea tu, nafasi kati yao zimepanuka, na nilipowasha tochi wakabaki wanne, kila mmoja kaelekea kwake.

"Tuombee, jirani," ananiambia, anasukuma mashua. Taa hajaiwasha bado.