Soseji ya maini: nani ale, nani aiache kwanza

Dada zangu mlioko Ujerumani huwa mnaniuliza kuhusu Leberwurst, yaani soseji ya maini, hasa mkishapimwa na kuambiwa damu ni ndogo. "Dada, si ni maini yale yale? Nikipaka kwenye mkate kila asubuhi, damu haitapanda?" Mimi nahudumia wazee hapa jimbo la Thüringen na soseji hii iko mezani karibu kila jioni, kwa hiyo naijua vizuri. Wengi wenu mnaweza kuila, tena ina faida. Ila mjamzito namkataza, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza kilichomo. Mchinjaji huchemsha nyama ya nguruwe pamoja na mafuta yake, husaga maini yakiwa mabichi, kisha huchanganya na chumvi, pilipili manga, kitunguu na jani wanaloliita Majoran, ambalo huku Thüringen halikosekani. Mchanganyiko hujazwa kwenye utumbo na kuivishwa taratibu ndani ya maji ya moto yasiyotokota. Yale maini mabichi ndiyo yanayoshikilia mafuta yasijitenge, na ndiyo maana inapakika laini kama siagi. Lakini maini yenyewe si mengi. Mara nyingi ni kati ya asilimia 10 na 35, sehemu kubwa iliyobaki ni nyama na mafuta. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mtengenezaji aandike kwenye pakiti asilimia ya kiungo kinachotajwa kwenye jina la chakula. Geuza pakiti, tafuta neno Schweineleber (maini ya nguruwe), namba utaiona hapo hapo. Mimi siweki kwenye kikapu kabla sijaisoma.

Mlio Waislamu, msidanganywe na picha ya kuku. Hata Geflügelleberwurst mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe, na Kalbsleberwurst, ile ya ndama, nayo kwa kawaida ina nguruwe ndani. Someni orodha mpaka mwisho.

Sasa tuje kwenye virutubisho. Jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba gramu 100 za soseji ya maini ya nguruwe zina kalori 326 hivi, protini gramu 14, mafuta zaidi ya gramu 28, madini chuma miligramu 6.4, vitamini B12 mikrogramu 13 na ushei, na vitamini A kama mikrogramu 8,300. Bila shaka hakuna anayekula gramu 100 kwa mlo mmoja. Tuseme umepaka gramu 30 kwenye mkate. Hapo umepata B12 mikrogramu 4, wakati Wamarekani wanamshauri mtu mzima apate 2.4 kwa siku. Umemaliza kazi kwa kipande kimoja cha mkate! Chuma lakini umepata kama miligramu 2 tu, na mwanamke anayeona siku zake anahitaji 18 kwa hesabu hizo hizo za Marekani. Sehemu ya chuma hicho ni ile ya nyama, ambayo mwili huinyonya kwa urahisi kuliko ya mchicha, kwa hiyo si haba. Bali anayetegemea Leberwurst peke yake kupandisha damu atajaza mafuta na chumvi mwilini kabla hajakifikia kiwango. Na ile chai ya rangi tunayoshushia kila kitu inazuia chuma, hasa cha mboga na maharage. Isogeze mbele kama saa moja, kula chungwa badala yake.

Wanaofaidi kweli ni wazee. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, meno ya bandia yanamuuma, nyama ya kutafuna haitaki kabisa. Tunakata ganda la mkate mweusi, tunapaka Leberwurst, tunakata vipande vidogo vya mraba na kuweka duara la tango la siki juu ya kila kimoja. Anavichukua kimoja kimoja kwa vidole, anaanza na tango, kisha sahani inabaki tupu. Mtu wa umri wake tumbo limepunguza asidi, B12 ya kwenye chakula inanyonywa kwa shida, na wanaomeza metformin kwa ajili ya kisukari nao hupungukiwa. B12 ikipungua sana miguu hufa ganzi, mtu huyumba, kumbukumbu hupotea, na jamaa wanasema ni uzee tu. Nikimwona bibi anakula ninafurahi kutoka moyoni.

Na nguvu ya maini si hadithi za jikoni. Mwaka 1926 kule Boston, George Minot na William Murphy waliwalisha maini kila siku wagonjwa wa aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua, na wagonjwa wakainuka. Mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. B12 yenyewe ilikuja kutengwa mwaka 1948.

Sasa wajawazito. Kwetu Kilimanjaro mke wa mtoto akirudi kliniki na habari ya damu ndogo, mama mkwe anamtuma mtu buchani akalete maini kabla jua halijazama. Ni upendo, na naheshimu upendo huo. Lakini piga hesabu pamoja nami: kile kipande cha mkate chenye gramu 30 kina vitamini A kama mikrogramu 2,500, na kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 3,000 ya aina hii inayotoka kwa wanyama. Ongeza yai, maziwa na kidonge cha vitamini mchanganyiko, umeshavuka. Vitamini A ya aina hii ikizidi mimba ikiwa changa inaweza kumlemaza mtoto, na chuma ulichopata ni miligramu 2. Wataalamu wa Ujerumani wanasisitiza zaidi miezi mitatu ya kwanza. Waingereza wanasema iachwe mimba yote, na soseji ya maini wanaitaja kwa jina. Mimi niko na Waingereza. Meza vidonge vya chuma na asidi ya foliki ulivyopewa, kula nyama ya ng'ombe, maharage na chungwa. Karoti, mchicha na embe kula bila hofu, vitamini A yake haina hatari hiyo.

Wengine mwende nayo kwa kiasi. Hii ni nyama iliyosindikwa, na mwaka 2015 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kula gramu 50 za nyama hizo kila siku kunaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mwenye jongo nayo haimfai. Mimi napaka nyembamba, mara moja au mbili kwa wiki, na pakiti ikishafunguliwa inakaa kwenye friji na kuisha ndani ya siku chache. Na ukipitiliza siku zako, iache kwanza mpaka upime.