Nilivyochora nyumba ya boksi mara ya pili

Nyumba ya kwanza ya boksi niliyochora ilinisononesha. Mchemraba mweupe, paa la kuficha, mlango na dirisha moja pana mbele. Kwenye ramani ilipendeza. Mvua za kwanza zikashusha vumbi la juu ya ukuta wa paa, yaani ule unaolificha paa, na kuchora michirizi myeusi mpaka chini. Halafu kichwa cha dirisha, ukingo wake wa juu, kilikuwa chini ya kichwa cha mlango kwa sentimita 2. Kwenye nyumba yenye nakshi nani angeona? Hapa jicho halikuwa na pengine pa kwenda.

Nikakaa kuchora upya, kwa mkono, Azuma House, nyumba ya msanifu majengo wa Japani Tadao Ando, iliyokamilika Osaka mwaka 1976. Ni boksi la zege lisilo na dirisha hata moja upande wa barabarani, ila uwazi wa mlango katikati. Ndani limegawanywa mara tatu sawasawa, na sehemu ya kati haina paa. Anayetoka chumbani kwenda msalani hupita uani, mvua inyeshe isinyeshe. Hilo silikubali hadi leo, nikimfikiria mgonjwa. Lakini nilipokuwa nikichora niliona kila mstari una sababu ya kuwa pale ulipo.

Ndipo nikaelewa zile sentimita 2. Lipu. Mlangoni iliishia kwenye fremu, dirishani ilizunguka mpaka ndani ya uwazi. Nilikuwa nimechora vipimo vya ukuta uliokwisha kupigwa lipu, fundi akavitumia kujengea tofali.

Ramani ya pili niliandika vipimo viwili kila uwazi: kabla ya lipu na baada yake. Kingo zote nikazipeleka kwenye maungio ya vigae vya sentimita 60. Juu ya ukuta wa paa tukaweka kofia ya bati inayoinamia ndani, mdomo wake wa nje ukitokeza sentimita 3 ili tone lidondoke mbali na ukuta.

Kilichotutesa ni skatingi, ule ukanda unaoficha maungio ya ukuta na sakafu, maana niliiondoa. Fundi alipigilia ubao mwembamba chini ya ukuta, akapiga lipu mpaka juu yake, ikakauka, akauchomoa taratibu. Ukabaki mfereji wa milimita 15, na ukuta ukaonekana kama umeinuliwa sakafuni. Mara mbili kingo zilimeguka, akarudia. "Skatingi ndiyo ilikuwa inatusitiri," aliniambia, pima maji mkononi.

Mvua ilipokuja nilikwenda kusimama mbele ya ule ukuta. Matone yalidondokea kwenye kokoto. Ukuta ulibaki mweupe.