Huna yai, huna siagi, huna beking pauda? Soma hii kwanza

Hili swali naulizwa sana, "nimeishiwa na kitu fulani, niweke nini badala yake?" na mimi kabla sijajibu lazima niulize, hicho kitu kwenye hiyo resipe kinafanya kazi gani? Maana wengi tunatafuta kinachofanana kwa macho, poda nyeupe kwa poda nyeupe, mafuta kwa mafuta, na hapo ndo keki inagoma.

Chukua beking pauda na beking soda. Soda peke yake inahitaji kitu chenye asidi, mtindi, limao, siki, asali, ndo itoe gesi vizuri, ikikosa inaacha ladha kama ya sabuni. Pauda ni hiyohiyo soda ila imeshachanganywa na asidi kavu na wanga kidogo. Kwa hiyo soda ina nguvu mara 3 mpaka 4 ya pauda na huwezi kubadilisha kijiko kwa kijiko. Kama pauda imeisha na resipe inataka kijiko 1 cha chai, weka robo kijiko cha soda afu nusu kikombe cha maziwa ya kwenye resipe kiwe mtindi, na ukishachanganya peleka kwenye oveni palepale, usianze kuosha vyombo, gesi ya soda inaanza kutoka ikigusana tu na asidi. Ukikosa soda, pauda mara 3 inasaidia, ila kama kuna mtindi ndani keki itabaki na uchachu kidogo na haitapata rangi sana.

Mayai sasa, hapa naomba tuelewane vizuri. Yai linashikanisha, linaleta unyevu, linabeba hewa, linaunganisha mafuta na maji, yaani kazi zote hizo kitu kimoja, ndo maana hakuna mbadala mmoja wa kila mahali. Resipe ya yai 1 au 2 unaweza kucheza nayo. Kwa kushikanisha, kwenye biskuti kwa mfano, mimi napenda mbegu za kitani zilizosagwa, kijiko 1 kikubwa na vijiko 3 vya maji, acha kama dakika 10 mpaka ivute ute, hiyo ni yai 1. Kwa unyevu tu, robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa inatosha, ila ladha ya ndizi utaisikia na keki itakuwa nzito kiasi kwa hiyo usiiweke kwenye keki ya limao halafu ukashangaa. Kama ute wa yai ulitakiwa kupigwa mpaka uwe povu, yale maji mazito yanayobaki kwenye kopo la dengu yanapigika kweli, vijiko 2 vikubwa kwa ute wa yai 1. Lakini keki inayoumuka kwa mayai matupu, mayai 4 au 5 bila pauda yoyote, iache mpaka upate mayai. Nasema hivo kwa sababu inaniuma kuona mtu anamwaga unga na sukari bure.

Siagi ina mafuta kama asilimia 80 na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji, mafuta ya maji ni mafuta matupu, so kikombe 1 cha siagi weka robo tatu ya mafuta. Inakubali vizuri pale ambapo siagi ingeyeyushwa, na keki ya mafuta inabaki laini hata siku ya pili. Ila resipe ikisema piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, hapo sukari inachimba vishimo vya hewa kwenye siagi ambayo haijayeyuka, mafuta ya maji hayawezi hiyo kazi. Majarini laini za kupaka soma lebo, nyingine zina maji mengi na biskuti zinatambaa kwenye trei.

Sukari nayo sio utamu tu, inashika unyevu na inaleta rangi. Ukiweka asali, robo tatu kikombe kwa kikombe 1 cha sukari, punguza maji au maziwa kama robo kikombe na shusha moto wa oveni nyuzi 15 hivi, inaungua haraka.

Vitu vidogo: unga wenye pauda ndani, kikombe 1 cha unga wa kawaida na kijiko 1 na nusu cha chai cha pauda na chumvi kidogo. Vanila ukikosa ruka tu au kwangulia ganda la limao, keki haitaanguka kwa ajili ya vanila.

Na tafadhali badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha yai, siagi na sukari kwa mpigo ikiharibika utajuaje kilichoharibu?

Hamira ndo ngumu zaidi. Mkate wa pauda ni mkate mwingine kabisa, unavunjika vunjika na ile harufu ya kuchacha haupati. Kama uko tayari kwa huo, vikombe 2 vya unga weka vijiko 3 vya chai vya pauda, kanda kidogo sana, oka bila kusubiri na ule siku hiyohiyo.