Kumbukumbu ya mradi wangu: tesita moja ya wayaringi ya nyumba na biashara ndogo

Ukurasa wa 1. Kinachopimwa

Mradi ni kupata tesita moja (mashine ya kupimia usalama wa nyaya za umeme) itakayotosha nyumba za fezi moja, fremu za maduka, saluni, gesti na ofisi ndogo za fezi tatu hapa Tanzania. Umeme ni 230 V fezi kwa nyutro, 400 V fezi kwa fezi, 50 Hz.

Jambo linaloamua karibu kila kitu ni ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Nyumba nyingi zinategemea rodi iliyopigwa nje ya ukuta, yaani mfumo wa TT. Chukua rodi ya 40 Ω. Waya wa moto ukigusa bodi la friji, mkondo utakaopita ardhini hauzidi 230 ÷ 40, sawa na 5.75 A. Breka ya B16 (ya ampea 16, aina ya B) inahitaji hadi 80 A ili iruke papo hapo, kwa hiyo hapa haitaruka kabisa. Mlinzi ni RCD peke yake, yaani swichi inayokata umeme mkondo unapovuja kwenda ardhini. Tesita isiyopima rodi na RCD vizuri haifai kwa mazingira haya, hata ikiwa na kioo cha rangi na Bluetooth.

Ndiyo maana karatasi za vipimo za watengenezaji nimezisoma kuanzia chini kwenda juu: rodi, RCD, lupu (ukinzani wa njia nzima ya mkondo, kwenda na kurudi), kisha mwendelezo (kama waya haujakatika) na mega (kama ganda la waya halivujishi). Wauzaji huanza na mega kwa sababu kila tesita inayo.

Ukurasa wa 2. Rodi

Kanuni ya TT: ukinzani wa rodi mara mkondo unaorusha RCD usizidi 50 V. RCD ya 30 mA inavumilia hadi 1667 Ω, ya 100 mA hadi 500 Ω, ya 300 mA hadi 166 Ω. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Mwongozo wa Waingereza wa BS 7671 (kanuni zao za wayaringi) unaonya kwamba rodi iliyozidi 200 Ω huenda isitulie, na aliyepima baada ya masika kisha akarudi kiangazi anaelewa kwa nini: udongo ukikauka, namba inapanda.

Kipimo cha kweli kinahitaji vijiti viwili vya ziada. Zima swichi kuu kwanza, ndipo ufungue waya wa ethi kwenye rodi, kwa kuwa nyumba isiyo na ethi haitakiwi kuwa na umeme hata dakika moja. Kijiti cha mkondo kiwe mita 30 kutoka kwenye rodi, cha volti mita 18.5 kwenye mstari huohuo. Pima. Sogeza kijiti cha volti mita 3 mbele, pima. Mita 3 nyuma ya alama ya kwanza, pima. Namba tatu zikikaribiana ndani ya asilimia 5 au hivi, chukua wastani. Zikitofautiana sana, kijiti cha mkondo kiko karibu mno, kisogeze mbali. Tesita ikilalamika kuwa vijiti vina ukinzani mkubwa, mwagia maji kila kijiti na ukishindilie. Kwenye mwamba wa matumbawe wa pwani kijiti mara nyingi hakishuki, na hapo kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi na kuzungushiwa kijiti kilicholazwa husaidia. Rudisha waya wa ethi kabla ya kuwasha.

Mjini, uwanja wa mita 30 ni ndoto. Njia ya pili ni kupima lupu kutoka waya wa moto hadi kwenye rodi. Namba itakayotoka ina rodi ya mteja, rodi ya transfoma na nyaya za njiani kwa pamoja, kwa hiyo inazidi kidogo ile halisi. Kosa la upande huo halina madhara. Tesita iwe na njia zote mbili.

Hapo ndipo orodha yangu ya tesita ilipopungua ghafla. Mfano mzuri ni mfululizo wa Fluke 1660: 1662 haina kipimo cha rodi kwa vijiti, ila 1663 na 1664 FC zinacho. Anayenunua ya bei ya chini kwa sababu "zote zinafanana" anakosa kile hasa kinachohitajika kwenye TT. Megger, Metrel, Kyoritsu na Sonel nao wana madaraja ya aina hiyo. Soma jedwali la modeli, na uulize kama vijiti na nyaya zake ndefu vimo kwenye begi au vinauzwa peke yake.

Ukurasa wa 3. RCD

Kwa RCD ya 30 mA ya kawaida: nusu ya mkondo (15 mA) isiruke, mkondo kamili iruke ndani ya 300 ms, mara tano (150 mA) ndani ya 40 ms. Aina ya S, inayochelewa makusudi, inaruhusiwa kati ya 130 na 500 ms kwenye mkondo kamili. Tesita iwe na chaguo lake. Lazima ipime aina ya AC (inayohisi mkondo mbadala tu) na aina ya A (inayohisi pia mkondo wa mapigo). Aina ya B, inayohisi hata mkondo wa DC, inahitajika tu kama kazi zako zina chaja za magari au baadhi ya inveta za sola, na inaongeza bei. Kwa saluni na gesti nimeiacha.

Mambo mawili yanawachanganya wengi.

La kwanza ni rodi dhaifu. Kipimo cha mara tano kwenye rodi ya 400 Ω kinainua ethi ya nyumba nzima hadi 0.15 × 400, yaani 60 V. Tesita nzuri inakataa kupima kwa sababu kikomo cha 50 V kimepitwa. Fundi anadhani mashine mbovu, kumbe imemwokoa mtu aliyeshika bomba la maji bafuni.

La pili ni mkondo unaovuja kabla hujaanza. Gesti yenye televisheni nyingi na viyoyozi vya inveta inaweza kuvujisha 10 mA bila kasoro yoyote. Ukiongeza 15 mA ya kipimo cha nusu unafika 25 mA, RCD inaruka, nawe unaiandikia kifo isivyo haki. Zima breka zote zilizo chini yake, pima tena. Kipimo cha kupanda polepole, kinachoonyesha RCD imeruka kwenye miliampea ngapi, kinafichua hili haraka kuliko kingine chochote. Tesita isiyo nacho imetoka kwenye orodha yangu.

Ukurasa wa 4. Lupu, na ile namba ndogo inayodanganya

Lupu ya fezi kwa nyutro ndiyo inayotoa mkondo wa shoti, na mkondo wa shoti ndio unaoamua kama breka ya 4.5 kA au 6 kA inatosha. Tuseme tesita inasoma hadi 0.01 Ω, na usahihi wake umeandikwa ±(5% + tarakimu 5). Ikionyesha 0.10 Ω karibu na transfoma, kioo kitaandika 2300 A. Lakini tarakimu tano ni 0.05 Ω, na asilimia 5 ni 0.005. Namba halisi iko popote kati ya 0.045 na 0.155 Ω, yaani kati ya kama 1480 A na 5110 A! Breka ya 4.5 kA inaweza kutosha au isitoshe. Linganisha tesita kwa hizo "tarakimu", si kwa asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Kipimo kisichoangusha RCD hutumia mkondo mdogo sana, basi namba yake huyumba, na RCD yenyewe inaweza kuongeza sehemu chache za kumi za omu. Kwenye TT ya 40 Ω hilo halina uzito. Kwenye fezi kwa nyutro tumia kipimo cha mkondo mkubwa, na kwa fezi tatu hakikisha tesita inaruhusu kupima fezi kwa fezi.

Jenereta ndogo ni kesi nyingine. Nyingi hazina muungano wa nyutro na ethi, hivyo lupu ya kwenda ethi itasoma kana kwamba waya umekatika.

Kile kiplagi chenye taa tatu kinachouzwa kila duka la vifaa vya umeme hakina nafasi hapa. Taa zake zinataka mkondo kiduchu, zitawaka kwa furaha hata kama ethi ni 500 Ω, na hakiwezi kujua nyutro na ethi zimebadilishana.

Ukurasa wa 5. Mwendelezo na mega, kwa kifupi

Mwendelezo: 200 mA au zaidi, na kitufe cha kufuta ukinzani wa nyaya za kupimia. Waya wa 2.5 mm² wenye ethi ya 1.5 mm² una 19.51 mΩ kwa mita, kwenda na kurudi. Nyaya za kupimia za 0.30 Ω zisipofutwa zinakuongezea mita 15 za waya usiokuwepo.

Mega: 250, 500 na 1000 V. Kwa 230 V tumia 500 V. Kiwango cha chini ni 1 MΩ, ingawa wayaringi mpya ikisoma 2 MΩ mimi naitafuta kasoro. Chomoa taa za LED, dima, fotoseli na vizuia radi kwanza. RCD za kielektroniki nazo zinaweza kuungua ukipima waya wa moto kwa nyutro, kwa hiyo unganisha hizo mbili pamoja, upime kwenda ethi.

Ukurasa wa 6. Kabla ya kulipa

Iandikwe EN 61557 (kiwango cha Ulaya cha tesita hizi), na CAT IV 300 V (daraja la kustahimili mshtuko wa volti) kwenye mashine pamoja na kwenye nyaya zake. Tesita za soko la bara Ulaya huja na waya wa plagi ya pini za mviringo. Agiza ule wa BS 1363, wa pini tatu bapa. Ya mitumba: namba ya mashine ilingane na ya cheti cha ukaguzi, na ufungue kifuniko cha betri uone kama kuna kutu ya kijani. Kipimaji cha volti cha ncha mbili kinunuliwe tofauti. Tesita hii si chombo cha kuthibitisha kwamba waya hauna umeme.

Ukurasa wa 7. Kiboksi cha kujikagua

Hiki, cha kuhakiki tesita yenyewe, kinajengwa kwa bei ya chai. Rezista za 1%: moja ya 1 Ω na moja ya 10 Ω kwa mwendelezo. Kwa mega, usitumie rezista moja ya 1 MΩ, kwani nyingi ndogo hazistahimili 500 V. Panga nne za 270 kΩ za nusu wati mfululizo, jumla 1.08 MΩ, kila moja inabeba 125 V tu. Nne za 2.7 MΩ zinatoa 10.8 MΩ. Kwa lupu na RCD, chagua soketi moja ya karakana na uandike namba zake kila mwezi kwa nyaya zilezile. Siku namba zote za mwendelezo zikipanda pamoja, anza na ncha za nyaya kabla ya kushuku mashine.

Kilichobaki kwenye orodha ni modeli mbili zenye vijiti, kipimo cha kupanda polepole, na betri za AA zinazokubali zile za kuchaji za 1.2 V. Kinachosubiriwa ni bei ya nyaya za mita 30.