Chupa Imejaa, Rejeta Haina Maji

Pikipiki yangu, inayopoozwa kwa maji, ilianza kupandisha joto hata kwenye barabara nyeupe isiyo na gari. Hapo ndipo nilipoanzia. Joto likipanda kwenye foleni na kushuka ukishaanza kukimbia, mshuku feni. Likipanda ukiwa kasi, upepo upo wa kutosha. Tazama maji: ni machache, hayazunguki, au rejeta, kile kipoozeo ambamo maji ya moto hupita yapigwe na upepo, imeziba.

Feni niliijaribu hata hivyo. Swichi yake ni ya waya mbili, basi nilizichomoa nikaziunganisha kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa. Ikazunguka. (Kama yako inaongozwa na sensa na kompyuta, usiiguse hivi.)

Fundi akashauri tung'oe thamostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto, tuitupe. Ushauri huo unapendwa sana, nami siutaki: injini inachelewa kupata joto lake na ugonjwa unabaki palepale. Niliwasha injini ikiwa baridi, nikashika mpira wa maji unaoingia juu ya rejeta. Ulikaa baridi kwa muda, kisha ukapata moto ghafla. Thamostati ilikuwa inafunguka vizuri.

Kilichonishtua ni chupa ya akiba. Asubuhi, injini baridi kabisa, kulanti, yaani maji ya kupoozea, ilikuwa imepita mstari wa juu kabisa. Nikafungua rejeta, na nasisitiza injini ilikuwa baridi, maana ya moto hukurushia mvuke usoni. Niliingiza kidole, hakikugusa maji.

Yaani kulanti ilikuwa inakwenda kwenye chupa bila kurudi. Injini ikipata moto, maji hutanuka na kusukumwa huko. Ikipoa, rejeta huyavuta tena. Ikipata pengo la kuvuta hewa, haina haja ya kuvuta maji. Kipaipu cha kwenda kwenye chupa nilikipuliza huku nimeziba upande wa pili, hakikuvuja. Kikabaki kifuniko cha rejeta. Mpira wake wa juu ulikuwa umekakamaa, una ufa mwembamba kama unywele, na chini ya ufa ule kulikuwa na doa la kijani lililokauka.

Nilitafuta kifuniko chenye namba ileile, 1.1. Hiyo ni presha kwa kipimo cha bar, na ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali juu ya 120. Cha namba ndogo kitachemsha mapema, cha namba kubwa kitaitesa mipira ya maji.

Kutoa hewa ndiko kulikohitaji subira. Injini ikinguruma taratibu, rejeta wazi tangu ikiwa baridi, nilikuwa naminya mpira wa maji na kuongeza kulanti kila mapovu yalipotoka, mpaka yakakoma. Yangeendelea bila kukoma, ningehamia kwenye gasketi ya hedi, kizibo cha chini ya kichwa cha injini, ambacho kikiharibika huingiza gesi kwenye maji. Sasa chupa hupanda safarini na asubuhi imerudi kwenye mstari wake.