Siku Mama alipoombwa kushiriki utafiti

Mama alikuwa ameishi na shinikizo la damu kwa miaka mingi, siku daktari wake katika hospitali ya chuo kikuu alipomwuliza kama angependa kuelezwa kuhusu utafiti wa dawa mpya. Daktari hakumsihi. Alitukabidhi kwa muuguzi wa utafiti, naye akarudi kwa wagonjwa wake.

Muuguzi alitandaza mezani fomu ya ridhaa, akaisoma aya baada ya aya, na kila alipomaliza sehemu alimwomba Mama aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Washiriki wote wangeendelea na dawa zao za kawaida. Juu ya hizo, nusu wangeongezewa dawa mpya, na nusu wangeongezewa kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na umbo lakini kisicho na dawa ndani.

"Nani ataamua mimi nipewe kipi?" Mama aliuliza.

"Kompyuta, mama, kwa bahati nasibu. Si wewe, si mimi, wala daktari wako atakayejua, isipokuwa itokee dharura ya kulazimu siri hiyo ifunguliwe."

Mama hakupendezwa, kwa kuwa daktari ndiye aliyemwamini. Muuguzi akafafanua kwamba madaktari wakiachiwa kuchagua, wanaweza bila kukusudia kuwapa dawa mpya wale wanaoonekana kuwa na nafuu zaidi, na mwishoni asiwepo wa kusema kama kilichosaidia ni dawa au ni afya waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Tena daktari anayejua mgonjwa anakunywa nini anaweza kukisoma kipimo cha presha kwa kuegemea matarajio yake. Bado naamini maelezo hayo yanastahili kusikiwa na kila mgonjwa, maana wengi wetu hudhani bahati nasibu ni uzembe, ilhali ndiyo inayoufanya ulinganisho uwe wa haki.

Mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa nimesoma habari za Tuskegee, huko Alabama, Marekani, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, wakanyimwa penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba inayojulikana. Nilimwuliza muuguzi waziwazi kwa nini tuwaamini. Alijibu kwamba fomu ile ipo kwa sababu ya mambo kama hayo. Nikamkumbusha kuwa Tamko la Helsinki, lenye kanuni za utafiti kwa binadamu, lilipitishwa mwaka 1964, na wanaume wale wakaendelea kuteseka kwa miaka 8 zaidi. Karatasi peke yake haimlindi mtu.

Hakubishana nami. Alifungua ukurasa wa mwisho, akatuonyesha namba ya simu ya kamati ya maadili, ambayo tungeweza kuipigia bila kupitia kwake wala kwa daktari. Akatueleza pia kwamba jopo la wataalamu wasio watafiti wa mradi huo lingepitia takwimu mara kwa mara, likiwa na uwezo wa kushauri utafiti usimamishwe iwapo madhara yangezidi. Mama angeweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kliniki yasiguswe.

Tulikwenda na fomu nyumbani. Mama aliisoma kwa siku kadhaa, akaniita mara mbili tatu nimsomee tena orodha ya madhara, na tuliporudi alikuwa ameamua. Alitia saini kukubali kushiriki, lakini kwenye kipengele cha kuhifadhi damu yake kwa tafiti za baadaye aliweka alama kwenye "hapana". Nilitazamia muuguzi angemshawishi abadili. Badala yake alisoma jibu kwa sauti ili kuhakikisha ndivyo alivyotaka, akaliingiza kwenye kumbukumbu, kisha akampa nakala yake.

"Na utafiti ukiisha, mtatuambia mlichokipata?" Mama aliuliza.

Muuguzi alimwonyesha mahali palipoandikwa kwamba washiriki wangejulishwa matokeo. Mama akapapigia mstari kwenye nakala yake.